Tengeneza Bunduki

Mbulumbulu,
Jumapili alasiri

Mwanangu Martina,

Barua za watu huanza kwa "natumaini hujambo". Mimi sina haja ya kutumaini, maana nakusikia kutoka hapa ukicheka jikoni na mama yako, mkichambua mchele wa wageni wanaokuja kukuaga. Nimejifungia chumbani nikisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nimeanza kuandika kungali na mwanga kwa sababu mafuta ya taa tuliyonayo hayatafika nusu ya barua, na ninajijua, nikishaanza kusema simalizi upesi.

Mambo ya sabuni, ya kulifunga sanduku kwa kamba, ya kutokula ovyo njiani, mama yako ameyasema, na atayasema tena kesho asubuhi lori la ngano likiwa linaunguruma pale barabarani. Sitayarudia. Wala usiogope kwamba nitakuhubiria. Padri amekuhubiria leo mpaka mabenchi yakatuuma. Nataka kukueleza juu ya bunduki ya babu yako. Tangu siku ile tulipogombana hatujaitaja tena, na sitaki uende Tanga kusomea uuguzi bila kujua ugomvi ule uliishaje.

Najua unavyosema moyoni: "Baba, bunduki tena?" Ndiyo, tena. Vumilia.

Wewe ulizaliwa ukaikuta ukutani, ukaiona kama sehemu ya nyumba. Lakini babu yako aliikuta mikononi mwa mzungu mmoja wa kahawa kule Oldeani, alikokwenda kufanya kazi akiwa kijana. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Ni bunduki ya risasi moja, unajua: unaifungua nyuma, unatia risasi, unapiga, na kama umekosa, basi mnyama anakuwa na muda wa kukufikiria. Babu yako ndiye aliyekuwa akiibeba na kuitunza. Mzungu yule alipouza shamba na kwenda zake, alimwachia bunduki, boma la serikali likaiandika kwa jina lake, naye akaja nayo hapa, kwenye ukingo wa msitu, mahali ambapo watu wenye akili zao walipakataa kwa sababu ya nyati.

Akalima. Usiku akalala kwenye dungu katikati ya mahindi, bunduki mapajani. Watu walipoona yule mjinga amevuna na bado yu hai, wakaanza kuja mmoja mmoja, wakajenga kando yake. Mstari wote huu wa nyumba tunazoziona kutoka mlangoni kwetu umekuja nyuma yake. Watu wa hapa walimwita Aako, kama tunavyowaita wazee wetu, lakini kwake walilitamka kwa sauti nyingine kidogo, namna mtu anavyomtaja aliyemwezesha kulala usingizi. Mimi nimekula mahindi ya shamba hili tangu nina meno ya utoto, na nilikuwa mtu mzima kabisa nilipogundua kwamba sijawahi kumwambia asante.

Baadaye risasi zake zikaadimika. Hazikuwa zikiletwa tena na duka lolote. Babu yako akawa anazihesabu kama mtu anavyohesabu sukari siku hizi, mpaka ya mwisho ikaisha. Halafu siku moja aliteleza kwenye mfereji, kitako cha bunduki kikapasuka, na ndani kitu fulani kikakatika, nadhani springi. Tangu hapo shamba tumelilinda kwa debe, mbwa na moto. Na kwa Martina.

Nitafika huko. Kwanza nikueleze jambo ambalo hulijui, maana ulikuwa mdogo bado.

Unajua kwamba niliwahi kuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilikuwa najivuna, mwanangu. Nilimaliza darasa la nane, naweza kusema Kiswahili sanifu, nina chaki mfukoni. Wazee wote wa hapa walikuja kujifunza kusoma chini ya lile paa la kanisa, na babu yako akaja pia, akakaa mbele kabisa, kofia magotini. Siku moja nikamwomba asome sentensi ubaoni. Imeandikwa: "Baba analima shamba." Akaitazama muda mrefu, akasimama, akasema kwa sauti kubwa, "Baba iko lima shamba."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya wazungu, kwa sababu ndicho alichofundishwa. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, 'iko' inatoka wapi? Rudia." Akarudia sawasawa. Baada ya hapo hakuja tena darasani, akasema macho yanamsumbua. Na nyumbani akaacha kabisa kusema Kiswahili mbele yangu. Akawa ni Kiiraqw tu, na hata hicho kidogo kidogo.

Sikusikia uchungu wakati ule. Nilidhani ni uzee. Wewe unakwenda kusomea kazi ambayo wagonjwa watakuelezea maradhi yao kwa Kiswahili cha kila namna, na kuna siku utatamani kucheka. Sikukatazi. Cheka ukishafika bwenini.

Sasa njoo kwenye siku aliyonikabidhi bunduki. Unaijua siku yenyewe, ni ile asubuhi aliyotuita mmoja mmoja. Wewe alikushika kichwa akakubariki kwa Kiiraqw. Mama yako vilevile. Mimi nilipoingia alinyoosha mkono kuelekea ukutani, akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza baada ya miaka: "Wewe tengeneza bunduki. Sasa iko kazi yako."

Nilifurahi na kulia kwa pamoja. Nilidhani amesema Kiswahili ili kunipendeza, kunionyesha kwamba amenisamehe yale ya darasani. Nikamjibu, "Nitaitengeneza, baba." Akatikisa kichwa kukubali. Jioni yake tukampoteza.

Basi ndiyo maana baada ya mavuno niliifunga kwenye blanketi nikaenda nayo Arusha, na kibali mfukoni, kwa yule kalasinga mzee anayetengeneza silaha, Fundi Mohani. Nilikwambia kwamba nilikwenda, sikukwambia tulivyozungumza. Aliifungua, akaitazama ndani kwa kuielekeza dirishani, akapiga mluzi.

"Nani alikuwa anaitunza hii?"

"Marehemu baba yangu."

"Pole sana. Huyu alikuwa mtu. Mtutu wa umri huu huwa umeliwa kama jino bovu. Huu uko safi." Akaiweka mezani. "Sasa unataka nini, bwana mkubwa?"

"Nataka uitengeneze."

"Kutengeneza vipi?"

"Kutengeneza, fundi. Ni mbovu, iwe nzima."

Akacheka, akavuta kiti. "Kaa tuelewane. Kutengeneza kuna njia mbili. Naweza kuirudisha ilivyokuwa. Nitachonga kitako kipya cha mti mzuri, nitafua springi, nitaipaka mafuta, na utaitundika ukutani watu waishangae. Lakini risasi zake hutapata hapa, wala Dar, wala kwa mama yake aliyeizaa. Njia ya pili, naigeuza. Natanua mtutu, naupunguza urefu, inakuwa bunduki ya marisau, zile punje ndogo ndogo. Risasi zake ukiwa na kibali unapata. Itapiga. Lakini haya maandishi juu ya mtutu yataondoka, na hiki cha kulengea kitaondoka, na haitakuwa tena bunduki hii. Chuma nikishakitoboa, hata uje kunililia siwezi kukirudisha."

"Wewe ungefanya ipi?"

"Mimi si mtoto wa marehemu," akasema.

Nikairudisha nyumbani kama nilivyokwenda nayo. Na hapo ndipo mimi nawe tulipoanza.

Wewe ulisema igeuzwe, na sababu zako nilizijua kabla hujafungua mdomo. Tangu umalize kidato cha nne, umelala kwenye dungu lile na mimi misimu yote. Umepiga debe mpaka viganja vikaota sugu. Nyati walipokuja upande wa korongo ni wewe uliyekimbia na kijinga cha moto, mimi nikiwa bado nakitafuta kiatu. Mama yako goti lake haliwezi kupanda ngazi ya dungu. Ukiondoka nabaki peke yangu na mbwa, na mbwa mwenyewe umri wake kama wangu.

Mimi nikasema irudishwe. "Babu yako alisema tengeneza," nikakwambia. "Kutengeneza ni kukirudisha kitu kilivyokuwa."

Ukasema, "Baba, kutengeneza ni kukifanya kitu kifae. Kitu cha kutundikwa ukutani kinamfaa nani?"

"Ukiigeuza si ya babu tena."

"Na ukiirudisha, nani atalinda shamba? Fimbo ya mbali haiui nyoka, Baba, na hii haitakuwa hata fimbo."

Nikakwambia usinifundishe Kiswahili, mimi ndiye mwalimu. Hapo ndipo uliposimama ukasema lile neno: "Basi kama haigeuzwi, mimi siendi. Nitawaandikia chuo wampe mwingine nafasi." Ukachukua ndoo ukatoka kwenda mtoni, na ndoo zilikuwa zimejaa zote.

Sasa haya hukuyasikia, kwa sababu ulikuwa mtoni.

Bibi yako alikuwa amekaa pale kwenye ngozi yake mlangoni akichambua maharage. Nilidhani hasikilizi, unajua masikio yake. Akaniuliza kwa Kiiraqw, "Mnagombania nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia baba aliniachia neno, akasema tengeneza bunduki, na sasa hatujui kama alitaka irudishwe au igeuzwe.

Bibi yako akanitazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka, Martina, mpaka ungo ukamponyoka na maharage yakatawanyika, kuku wakaja, na bado anacheka, anajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Tengeneza," akasema. "Tengeneza! Wewe uliyesoma! Hujui tengeneza ni nini?"

"Ni nini, mama?"

"Kila Jumamosi yule mzungu alikuwa anakaa barazani, anapiga kelele, 'Tengeneza kitanda! Tengeneza meza! Tengeneza bunduki!' Na baba yako anachukua kitambaa na mafuta anakwenda kuifuta. Maneno yote ya bunduki aliyajulia kule, kwa lugha ile. Hata tulipokuja huku, Jumamosi ikifika ananiambia, 'Nakwenda tengeneza bunduki.' Mafuta ya dukani yalipokwisha nilimyeyushia ya mkia wa kondoo." Akaanza kuokota maharage, na kicheko kikampungua kidogo kidogo. "Alikuwa anakwambia uifute. Basi. Isishike kutu."

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto. Kumbe hakuna wosia. Kumbe hakunipa fumbo la kufumbua. Alichoniomba ni kitu cha kitambaa na mafuta, na tangu tumzike nimesafiri nayo mpaka Arusha, nimepata vibali, nimegombana na binti yangu kwa heshima ya neno lake, na sikuwahi kuifuta hata Jumamosi moja.

Na kosa ni langu. Kama nisingemcheka siku ile ubaoni, angeendelea kusema Kiswahili chake humu ndani, nami ningelizoea lile "tengeneza" lake nikiwa nakunywa uji. Nilimnyamazisha, halafu nikajifanya hodari wa kuyafasiri maneno yake.

Nikaenda kuichukua. Ilikuwa imeanza kuota madoa mekundu karibu na kifyatulio. Bibi yako alinipa mafuta ya kondoo, nikakaa kwenye kigoda chake babu yako upande wa zizi, nikaifuta. Sijui kama umewahi kuishika kwa nia ya kuitazama. Pale mti unapokutana na chuma, kuna mahali pamelika, pamekuwa na bonde dogo laini. Niliweka kidole gumba changu pale kikaenea. Hapo nililia, nami sioni haya kukwambia, nikamwambia asante kwa sauti, kwa Kiiraqw, halafu nikairudia kwa Kiswahili chake: "Asante, baba. Mimi iko shiba." Ng'ombe akanitazama kama nimerukwa na akili.

Ukarudi kutoka mtoni ukanikuta pale. Ulidhani nimenuna, ukapita zako. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa naona nafuu kubwa ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo alioubeba kutwa nzima haukuwa wake. Babu yako hakutufunga. Hakusema irudishwe, hakusema igeuzwe. Ametuachia tufanye tutakavyo, ila isishike kutu.

Jioni ile nilikwambia tu uende chuo, ya bunduki uniachie mimi, nawe ukakubali. Sasa nimeamua. Igeuzwe.

Umeshinda, lakini usijisifu, maana ulishinda kwa hoja mbovu. Kutengeneza si kukifanya kitu kifae, wala si kukirudisha kilivyokuwa. Kutengeneza ni kufuta kwa mafuta, muulize bibi yako.

Nimeiamua si kwa sababu siipendi ilivyo. Yale maandishi juu ya mtutu, ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, nitayakosa. Jana nimeweka karatasi juu yake nikasugua kwa mkaa ili nibaki na alama, haikutoka vizuri. Na najua Fundi Mohani akishatoboa, imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nimefikiri hivi. Babu yako hakuipenda ile bunduki kwa uzuri wake. Aliipenda kwa kuwa ilimpa shamba, na shamba likamlishia mke na watoto, likamletea na majirani. Kama angekuwa na debe linalofanya kazi ile ile, angelifuta debe kila Jumamosi. Marisau hayaui nyati, wala sitaki kuua nyati. Watu wa hifadhi wangenifunga na wangekuwa na haki. Nataka mlio mkubwa tu, na nguruwe pori wajue shamba lina mwenyewe.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizunguka tangu mwanzo wa barua.

Siku ile uliposema kwamba isipogeuzwa huendi, nilikusikia vizuri. Nilijua kwamba neno langu moja lingekufungulia njia. Na bado nikakuacha uchukue ndoo uende zako. Nilijiambia nalinda neno la marehemu. Bibi yako alipoliondoa lile neno mikononi mwangu, nikatazama kilichokuwa chini yake. Chini yake nilikuwa mimi, nataka ubaki. Sikutaka kulala kwenye dungu lile bila mtu wa kunisimulia mambo ya shuleni mpaka kukuche. Nilikuwa tayari uikose nafasi yako, na nimsingizie babu yako.

Nisamehe. Sikuombi unijibu. Nimeliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo utanikatiza na kusema "hapana, Baba, si hivyo", kwa vile wewe ni mtoto mwema, na mimi nitakubali upesi mno.

Na nakushukuru. Ulipaswa kuwa umelala kitandani misimu yote ile, kama mabinti wengine. Ada ya wadogo zako imetoka katika mahindi ambayo nyati hawakuyala, na nyati hawakuyala kwa sababu yako. Siku ulipopata ile barua ya chuo uliificha chini ya godoro mpaka tumalize kuvuna, ukidhani sijui. Nilijua. Kuificha kwako nakupendea, kunyamaza kwangu najilaumu. Watu wanasema mzazi humlea mtoto. Mimi naona kwamba kwenye lile dungu tulikuwa tukileana.

Kesho bunduki nayo inasafiri. Nitapanda lori pamoja nawe mpaka Karatu, halafu basi mpaka Arusha, na kile kitu kwenye blanketi miguuni kwangu. Pale stendi nitashuka na bunduki yangu, nawe utaendelea na safari yako. Usishuke kuniaga mara ya pili, watakuibia kiti. Mimi nitakwenda moja kwa moja kwa Fundi Mohani, na sitageuka nyuma, usidhani nimekasirika.

Nimekusikia ukimwambia mama yako kwamba ukipata likizo wakati wa mavuno utakuja kunisaidia kulinda. Nasema asante, na nasema hapana. Nitakuwa na bunduki inayolia, na mbwa, na majirani. Mahindi yakiiva, mwanangu, usije kuyalinda. Njoo uyale.

Baba yako